Mzigo wa Mwenzio

Hotuba hii niliitoa mbele ya wafanyakazi wenzangu, wanawake wengi na wanaume wachache, kwenye ukumbi wa ofisi yetu hapa Dar es Salaam. Walioomba niiandike ni wale waliokuwa zamu siku hiyo, na wale ambao mtoto aliamka na homa. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimeondoa tu pale nilipokohoa.

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana. Akina baba mliokaa karibu na mlango, nawaona. Msitoke. Haya yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi na malezi: namna mama aliyeajiriwa anavyoweza kuyabeba yote mawili. Aliyenialika kaniambia, "Dada, wewe umeweza. Njoo uwape wenzako siri." Nikacheka peke yangu. Siri gani? Leo asubuhi mwanangu wa pili kaenda shule bila uji, kwa sababu flaski yake nimeibeba mimi kwenye mkoba wangu nikidhani ni ya chai yangu. Hiyo hapo mezani. Mnaiona? Ya bluu, ina kibandiko cha twiga. Uji bado wa moto.

Kwa hiyo siri sina. Nina swali. Ukiambiwa "umeweza", jiulize: nimeweza na nani? Maana sijawahi kumwona mama aliyeweza peke yake. Ukichungulia nyuma yake utakuta kuna mtu. Na mtu huyo mara nyingi hapigiwi makofi.

Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Vijana mliokulia kwenye magodoro ya sponji, usufi ni ile pamba nyepesi ya msufi, tulikuwa tukijazia mito. Kanda zima la usufi unalinyanyua kwa mkono mmoja. Basi mzigo alioubeba mwenzako, wewe ukiutazama, unauona mwepesi hivyo hivyo. Shikeni methali hiyo. Nitairudia, na mara ya pili itanipiga mimi mwenyewe.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Tunazungumza kana kwamba mwanamke ameanza kufanya kazi jana, na ndiyo maana nyumba zinayumba. Jana lini? Bibi yangu alilima. Mama yangu alikaanga maandazi akatusomesha. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipozunguka mji huu kuwaandikisha wanawake katika TANU, aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma na kwenye biashara zao, wauza maandazi na vitumbua. Hao ndio walioijaza TANU. Walikuwa na kazi, walikuwa na watoto, na bado wakaongeza siasa.

Nini basi kimebadilika? Bibi yangu alilima na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga. Nenda Kariakoo sasa hivi kwa mama lishe. Utamkuta mtoto amelala chini ya meza kwenye boksi la vitenge, mama anageuza chapati, mguu mmoja unamfukuzia nzi. Sisemi ni maisha mazuri. Moshi ule si wa mtoto. Ninachosema ni kwamba mtoto na kazi walikuwa mahali pamoja. Ofisi ndiyo iliyotuambia: wewe ingia, huyo mwache nje ya geti. Tukaingia. Na huyo aliyebaki nje ya geti, kashikwa na nani?

Mwaka 2013 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ningejifungua pacha zingekuwa 100. Mimi ni mhasibu, ngoja niwapigie hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Wataalamu wa afya wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji asipewe. Miezi sita ni kama siku 180. Toa 84. Zinabaki 96. Siku 96 hizo mtoto anaishi kwa salio gani?

Sheria imeliona shimo hilo. Inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto. Ni sheria nzuri. Sasa mimi nakaa Kimara, ofisi ilikuwa Posta. Mwaka 2013 mwendokasi bado, imeanza 2016. Ilikuwa daladala, Barabara ya Morogoro, na pale Ubungo taa zilikuwa zinawaka kijani kwa ajili ya watu wengine. Kwenda tu ni saa moja na nusu siku ya neema. Ningefika nyumbani nikamsalimia mtoto, nikageuka.

Nikakamua. Nilikamulia kwenye stoo ya mafaili. Mlango haukuwa na komeo, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiuegemea mlango kwa mgongo, mbele yangu mafaili ya mwaka 1998 yenye vumbi lake. Maziwa nayatia kwenye kichupa, kichupa nakitumbukiza kwenye chupa pana ya chai iliyojaa barafu niliyoomba kwa muuza soda. Kwa joto la Dar es Salaam maziwa yakikaa nje bila ubaridi hayafiki jioni. Na usipokamua? Wanaume, wenzenu hapa wanajua. Kifua kinakuwa jiwe. Siku moja nilikuwa mbele ya wakaguzi wa hesabu, naeleza salio la benki, na blauzi yangu inaeleza mambo mengine kabisa.

Bosi wangu wa wakati ule akagonga mlango wa stoo. "Mama, unajifungia humo unalala?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mnielewe hapo. Alikuwa na watoto wanne. Watoto wanne, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maziwa hayasubiri saa kumi jioni. Kwake yeye mzigo wangu ulikuwa kanda la usufi. Nami sikumwambia kitu, kwa sababu hata hiyo sheria ninayowasomea leo nilikuwa siijui. Nililia tu, nikafuta macho kwa karatasi ya risiti.

Miezi kama miwili baadaye mama mmoja wa chama cha wafanyakazi alinipa kijitabu cha sheria hiyo. Nikasoma kifungu cha 33 nikiwa nimesimama kwenye daladala. Kesho yake nikaandika barua: naomba saa zangu mbili nizigawe, moja niingie nayo asubuhi, moja nitoke nayo jioni. Bosi akaisoma, akasaini. Dakika moja. Dakika moja, ndugu zangu! Nililia miezi miwili kwa jambo la dakika moja.

Najua mnavyonitazama. Si kila bosi anasaini. Yupo dada wa kiwandani mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu. Huyo hafukuzwi akipata mimba. Mkataba wake unaisha tu, halafu hauandikwi tena. Ukimpa huyo kijitabu, atakurudishia. Majirani zetu Kenya wameweka kwenye sheria yao ya afya ya mwaka 2017 kwamba mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Hata huko nasikia vyumba vingine vipo kwenye karatasi tu. Lakini karatasi unaweza kumwonyesha mtu. Sisi hapa ghorofa ya pili tuna chumba kilichojaa viti vilivyovunjika. Mkurugenzi yupo, amesikia. Nasonga mbele.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo nilitaka kuikwepa.

Mwaka 2014 alikuja nyumbani kwangu binti kutoka Singida, kufanya kazi za ndani. Nitamwita dada, kama wanangu wanavyomwita. Sitaki kusikia humu mtu akisema "beki tatu". Alikuwa na miaka 20. Alipokea mtoto wangu wa kwanza akitambaa, akamlea wa pili tangu siku ya arobaini. Mwanangu wa pili neno lake la kwanza lilikuwa "dada". Nilisema nimefurahi. Nilikwenda chooni nikafungulia maji.

Kila nilipopandishwa cheo, dada alikuwa amepika. Nilipokwenda Dodoma wiki mbili kufunga hesabu za mwaka, dada alilala chumba cha watoto. Watu walinisifu: mama mchapakazi, watoto wasafi, nyumba imetulia. Nilipokea sifa. Zote. Mkataba wa kazi wa dada? Sikuwahi kuandika. Likizo yake? Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na yeye ni mfanyakazi kama mimi. Nilimpa wiki ya Krismasi, tena nikimwambia "usichelewe kurudi". Nilimwona ni mtu wa familia. Angalieni neno hilo, "mtu wa familia". Mara nyingi maana yake ni mtu tusiyemlipa inavyostahili na asiyeweza kulalamika.

Mwaka 2021 dada akapata mimba.

Niwaambie nilivyofanya? Nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilimpigia simu dada yangu wa tumbo moja, nikasema, "Huyu binti kaniangusha." Kaniangusha! Mimba yake, mwili wake, miaka 27, na aliyeangushwa ni mimi. Nikafunga hesabu haraka: mshahara wa mwezi huo, nauli, na kanga mbili mpya, ili nijione mwema. Jumamosi alfajiri nikampeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, mwenyewe, na begi lake.

Tumekaa kwenye viti vya chuma tunasubiri basi la Singida. Nikamwambia, na haya nayasema mbele yenu ili yanitoke, nikamwambia: "Ukijifungua, mtoto akikaza shingo mwache kwa bibi yake, tutaona kama nafasi bado ipo." Mimi. Mimi niliyelia stoo kwamba siku 84 hazitoshi.

Hakunijibu kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. "Mama, na wewe kazini kwako ulipopata mimba walikupeleka stendi?"

Mnajua kelele za stendi ile. Wapiga debe, honi, vipaza sauti. Mimi sikusikia kitu kingine.

Tulirudi nyumbani. Sitawadanganya kwamba nilibadilika pale pale nikawa malaika. Nusu ya njia nilikuwa nikipiga hesabu ya fedha, maana kumlipa dada akiwa likizo na kupata mtu wa kushika nafasi yake haikuwa jambo dogo kwa mishahara yetu miwili. Lakini nilikaa na mume wangu usiku ule, tukaandika mkataba kwenye karatasi ya daftari la shule. Siku zake 84, na malipo yake. Alikwenda kujifungua kwao na alirudi na mtoto mgongoni. Jirani mmoja akaniambia nimerogwa, nitalea watoto wa watu. Nikamwambia, jirani, wa kwangu kalelewa na nani?

Dada sasa amepanga chumba chake Kimara hapo hapo, mtaa wa pili. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni. Mtoto wake kacheza na wanangu uani mpaka alipoanza shule ya awali. Na ikifika saa kumi na mbili na robo mimi sijafika, anayechelewa kwa mtoto wake ni yeye, kwa ajili yangu. Kwa hiyo ninapokimbia kutoka ofisini nikaacha kikao kinaendelea, msidhani nakimbilia wanangu peke yao.

Haya. Akina baba mlangoni, zamu yenu.

Sheria ile ile ya mwaka 2004 iliwapa baba siku 3 za likizo ya malipo mtoto akizaliwa. Tatu. Kenya wenzetu sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 ina wiki mbili. Mume wangu siku zake tatu alizimaliza kutafuta damu, kununua beseni na kurudisha ndugu waliotoka mkoani. Mtoto alikuwa hajamshika vizuri, likizo imekwisha.

Lakini ipo nyingine ambayo nina hakika wengi humu hamjawahi kuiomba. Mtoto akiugua, mfanyakazi ana haki ya siku 4 za malipo, na ni katika mzunguko wa miezi 36. Ndani ya hizo nne yamo na mambo ya msiba wa ndugu wa karibu. Siku nne kwa miaka mitatu! Mtoto gani anaugua siku nne kwa miaka mitatu, Dar es Salaam hii, mvua za masika zikianza? Lakini someni neno lililotumika. Sheria haikusema mama. Imesema mfanyakazi. Basi kama baba na mama wote wameajiriwa, nyumba hiyo ina siku nane. Mbona siku zote zinakwisha za mama?

Wakati dada yupo likizo, mume wangu ndiye aliyeamka saa kumi na moja kupika uji na kuwapandisha watoto kwenye gari la shule. Yeye ni fundi umeme, anafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo asubuhi alikuwa na nafasi kuliko mimi. Wiki ya kwanza uji ulikuwa na mabuja, watoto wakauita uji wa kutafuna. Wiki ya tatu ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mtaani wakasema nimempa limbwata. Jamani, ningekuwa na limbwata linalomwamsha mwanaume saa kumi na moja kukoroga uji, ningekuwa bado mhasibu?

Siku moja mdogo akapata homa kali, mume wangu akapiga simu kazini kwake kuomba ruhusa. Msimamizi wake akamuuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Swali hilo. Mimi nimeomba ruhusa mara ngapi katika ofisi zangu zote? Sijawahi kuulizwa hata siku moja, "Baba yake yuko wapi?" Nakuona unatikisa kichwa, kaka yangu wa stoo. Na wewe uliulizwa, eeh? Unaona? Mwanaume akitaka kushika upande wake, ofisi inamnyang'anya mkononi, inamrudishia mama. Halafu jioni tunalaumiana sisi kwa sisi chumbani.

Na tuliache hili neno "kumsaidia". "Mume wangu ananisaidia sana kulea." Anakusaidia kulea mtoto wa nani? Mwenye duka akifungua duka lake asubuhi hatusemi anamsaidia muuzaji. Hata mimi lilinichukua muda, na bado linaniponyoka. Juzi nimelisema mbele ya mama mkwe, akafurahi sana, nikajua nimekosea.

Sasa, wapo humu ambao upande wa pili hakuna mtu. Amekufa, au ameondoka, au yupo na hayupo. Nimewasikia mkiguna nilipotaja siku nane. Ninyi mmesimama juu ya mama zenu, juu ya jirani anayekaa na mtoto mpaka mrudi, juu ya kituo cha kulelea watoto ambacho hela yake mnaijua wenyewe. Sina dawa yenu leo na sitawauzia maneno. Ninachoweza ni hiki: kamati ikikaa mwezi ujao, barua ya kwanza iwe ya kile chumba cha viti vibovu, na ya pili iwe ratiba ya zamu, ili mwenye mtoto mdogo na asiye na mtu asipangiwe kufunga ofisi usiku. Nimeshaziandika zote mbili. Zinahitaji sahihi. Akina baba, peni ziko hapo mlangoni mlipokaa, hamna haja hata ya kunyanyuka.

Mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa kama najuta kufanya kazi. Hapana. Naipenda kazi yangu. Napenda hesabu zikikubali mwisho wa mwezi, napenda mshahara wangu, na siombi radhi. Kikao cha wazazi nimekosa mara nyingi, kile cha Jumatano saa nne asubuhi, sijui nani alichagua saa hiyo. Binti yangu mkubwa aliniambia darasani kwao wamama wanaokuja ni wale wale. Iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia baba yake aende. Alikwenda. Alikuwa mwanaume peke yake, wakamchagua katibu.

Naona mama wawili kule nyuma wameanza kutazama saa, na mmoja ameshavaa raba za kutembelea. Niko nanyi. Ni saa kumi na nusu, na pale Kivukoni foleni ya mwendokasi ikishafika nje ya kituo ndiyo basi tena. Maswali yenu niulizeni kesho kwenye chai. Wa Kimara tuondoke pamoja. Naomba mtu anishikie flaski.